Mabingwa wa Sauti na Manyoya: Kutoka Kiboriloni Hadi Karibu na Theluji

Watu wengi wanaijua Kiboriloni kwa soko lake. Daladala ya Himo ikitoka Moshi mjini haichukui muda kufika hapo. Abiria wanashuka na mafurushi yao ya mitumba, na hakuna mwenye sababu ya kutazama juu. Lakini barabara inayochepuka hapo kupanda Kikarara na Tsuduni hadi Kidia, Old Moshi, inamtoa mtu kwenye nyika ya tambarare na kumpitisha katika migomba na mibuni ya vihamba kuelekea msitu wa hifadhi. Kila ukanda una ndege wake, na katika kila ukanda wapo wawili au watatu wanaofanana kiasi kwamba hata aliyesomea wanyamapori pale Chuo cha Mweka hushusha darubini na kusubiri waimbe.

Tanzania ina zaidi ya spishi 1,100 za ndege. Orodha hii inawaacha kando mbuni, heroe na tai, ambao hata mtoto huwatambua. Nishani za leo ni za ndugu wa karibu, wale ambao jicho peke yake haliwatenganishi, au sikio peke yake linadanganyika kwao. Nimewatafuta kwanza mlimani, kisha nikavuka mipaka pale ushindani ulipodai.

Ukoo unaosumbua kuliko wote

Hapa hakuna ubishi: ni sistikola. Hao ni ndege wadogo wa majani na vichaka, takriban spishi 50, karibu wote wakiwa Afrika, na karibu wote wakiwa wa kahawia. Mmoja ana michirizi mgongoni, mwingine ana wekundu kidogo utosini, mwingine hana hili wala lile. Manyoya yakichakaa kwa jua na majani makavu, hata tofauti hizo hufutika. Baadhi yao hubadili vazi kati ya masika na kiangazi. Tena dume ni mkubwa kuliko jike, wakati mwingine kwa kiasi cha kumfanya mtazamaji adhani ameona spishi mbili.

Wataalamu wa Ulaya walihangaika na ngozi za ndege hawa makabatini kwa miaka mingi. Aliyefungua fundo ni Hubert Lynes, admirali wa jeshi la majini la Uingereza, ambaye baada ya vita vya dunia vya kwanza aliwafuata Afrika wakiwa hai na kutoa utafiti wake mkubwa mwaka 1930. Lynes alitazama wanavyoruka, wanavyojenga viota, na zaidi ya yote alisikiliza. Ndiyo maana hadi leo majina yao mengi ya Kiingereza yanataja sauti: yupo anayetatarika, yupo apigaye mluzi, yupo anayeomboleza, yupo anayekoroma. Rangi ilishindwa hata kuwapa majina.

Chini ya Kiboriloni, kwenye miba ya tambarare, bingwa wa kelele ni yule anayetatarika: noti chache kali, kisha mtatariko wa hasira, kutoka ncha ya kichaka. Ukipanda na mto au mfereji utamsikia mwenye uso mwekundu akipaza miluzi inayoongezeka nguvu kadiri anavyoendelea. Ukiwaweka kimya ubaoni, mwanafunzi atapata shida. Ukiwasikia, mtoto wa darasa la tatu atawatenga.

Katika ukoo huu huu kuna nishani tatu ndogo za kugawa.

Ya kuimba pamoja naitoa kwa sistikola wa Hunter, anayekaa kwenye vichaka vya mlimani vya Kenya, Uganda na kaskazini mwa Tanzania, Kilimanjaro ikiwamo. Alielezwa kisayansi mwaka 1889 na kupewa jina la mwindaji aliyemkusanya mlimani hapa. Dume na jike huimba kwa kupokezana, na mara nyingine wa tatu hujiunga, wote wakiwa wamesimama wima kwenye tawi moja na kelele zimeshikana hivi kwamba huwezi kusema nani ameanza. Anao ndugu wawili wenye tabia hiyo hiyo: mmoja wa nchi za magharibi, Uganda na Kongo, na mwingine wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mwenye weusi kati ya jicho na mdomo. Watatu hawa hawafiki mbali na milima yao, kwa hiyo mahali uliposimama ni nusu ya jibu.

Ya kuenea mbali inakwenda kwa kinyume chake, yule mdogo wa nyasi ambaye dume hupanda angani kwa mawimbi huku akitoa mlio mkavu mmoja, kila wimbi mlio wake. Huyo yupo Afrika, kusini mwa Ulaya, Asia, hadi kaskazini mwa Australia.

Ya kusubiri jina kwa muda mrefu inabaki Tanzania. Katika mabwawa ya bonde la Kilombero, watazamaji Neil na Liz Baker walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kugundua, katika miaka ya 1980, kwamba mle kuna sistikola wawili ambao hawalingani na kitabu chochote. Walijulikana, wakarekodiwa, wakachorwa vitabuni bila majina rasmi ya kisayansi. Maelezo rasmi yalitoka mwaka 2021, na mmoja wao sasa anaitwa Cisticola bakerorum, kwa heshima ya wawili hao. Zaidi ya miaka 30 ndege anaimba na hana cheti cha kuzaliwa! Wakati huo huo mashamba na ng'ombe vilikuwa vinaingia bondeni.

Wimbo mkongwe kuliko zote

Hii ndiyo nishani ninayoipenda, na mzizi wake upo juu ya Kiboriloni.

Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alifika Old Moshi na kupokewa na Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara. Ndege waliokusanywa katika safari hiyo walipelekwa Uingereza, na mwaka uliofuata Kapteni Shelley akawaeleza kisayansi. Mmoja alikuwa chozi mdogo wa mlimani, dume wake akiwa na kichwa na mgongo wa kijani cha metali, mkanda mwekundu kifuani na vishada vya njano pembeni mwa kifua. Shelley alimwita mediocris, neno la Kilatini la kitu cha wastani. Ngozi za safari zile zinatunzwa vizuri Uingereza mpaka leo, kila moja na lebo yake, ilhali ukoo wa Mangi Meli, mwana wa Rindi aliyenyongwa Old Moshi mwaka 1900, umekuwa ukilitafuta fuvu lake Ujerumani. Nimeshindwa kuandika habari ya chozi huyu bila kulitaja hilo.

Huyo wa wastani alikuja kuwa mmoja wa ndege wa maana sana katika elimu ya sauti. Sababu ni kwamba ana ndugu karibu kila mlima wa mashariki mwa Afrika, kutoka Kenya hadi Msumbiji: Kilimanjaro ina wake, Pare Kusini na Usambara wana wao, Uluguru na Udzungwa vilevile. Madume wote wana kijani, wote wana mkanda mwekundu, na tofauti za manyoya zinahitaji mwanga mzuri na moyo wa subira. Chozi hawa hukaa milimani kwenye baridi. Joto la tambarare linalowatenga ni ukuta, kwa hiyo kila kundi limeishi peke yake kwa muda mrefu sana.

Watafiti wakiongozwa na Jay McEntee na Rauri Bowie, pamoja na wenzao Watanzania akiwamo Chacha Werema wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walizunguka milima hiyo wakirekodi. Mwaka 2021 walichapisha jibu ambalo wengi hawakulitarajia. Ilidhaniwa kwamba wimbo unaofundishwa na wakubwa kwa wadogo lazima ubadilike kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi, kama habari inayopitishwa mdomo kwa mdomo kwenye foleni ya maji. Kumbe sivyo. Yapo makundi yaliyotengana kwa mamia ya maelfu ya miaka, huenda hata kufikia miaka milioni moja, na bado yanaimba karibu wimbo uleule. Kwingine wimbo umebadilika sana ilhali manyoya yamebaki karibu yaleyale. Mabadiliko huja kwa kishindo, halafu kimya kirefu.

Maana yake kwa mtazamaji wa ndege ni nzito. Wimbo mmoja hauhakikishi spishi moja, na vazi moja vilevile halihakikishi. Kwa chozi wa milima yetu lazima uchukue yote mawili, kisha uulize mlima.

Aliyepanda juu kuliko ndugu zake

Kifurushi cha Johnston kilikuwa na chozi mwingine, aliyepewa jina lake: Nectarinia johnstoni. Huyu utamkuta juu ya msitu, kwenye ukanda wa lobelia kubwa, pande za Horombo na zaidi, mahali ambapo usiku maji huganda. Ananyonya maua ya lobelia na kula wadudu waliojificha humo.

Anaye ndugu wa chini yake, chozi mwingine mkubwa wa kijani mwenye mkia mrefu. Ukiwaona kwa mbali utasema ni mmoja. Alama iko kifuani: wa chini ana vishada vya njano, wa juu vyekundu, na jike wa juu naye ana vyekundu. Vishada hivyo vina kazi yake. Watafiti Evans na Hatchwell walifanya jaribio kwenye Mlima Kenya, wakachapisha mwaka 1992: dume aliyeongezewa ukubwa wa vishada alipata eneo kubwa zaidi la lobelia, na aliyenyang'anywa alilipoteza. Mkia mrefu ulikuwa na habari tofauti, uliwahusu majike. Kwa hiyo kifuani dume anaongea na mahasimu, mkiani anaongea na wachumba. Wapandaji wengi hupita hapo wakitazama kilele tu, hasara yao.

Waliogawanyika haraka kuliko karibu ndege wote

Katika vihamba na msitu kuna vikundi vya ndege wa kijani, wadogo, wenye duara jeupe kuzunguka jicho, ambao hawatulii. Jenasi yao ni Zosterops. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba ukoo huu umetapakaa kutoka Afrika hadi visiwa vya Pasifiki na kuzaa spishi zake nyingi katika muda usiofika miaka milioni 2, kasi ambayo ni miongoni mwa kubwa kabisa kupimwa kwa wanyama wenye uti wa mgongo.

Matokeo yake unayaona ukisimama mahali pa wazi Kiboriloni siku ya anga safi. Kaskazini ni Kilimanjaro, na ndege wake wa macho meupe ni wa kijani kizito mwenye duara pana. Kusini mashariki ni safu ya Pare, na Pare Kusini wanaye wao mwenye tumbo la kijivu, asiyepatikana kwingine duniani. Vuka mpaka uende Taita, unakutana na wa tatu, naye ni wa huko tu. Pemba wana wa nne, wa njano. Zamani waliokaa milimani waliwekwa kapu moja kwa sababu ya kufanana. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba wa mlima huu anaweza kuwa karibu zaidi na ndugu wa tambarare kuliko na anayefanana naye mlima wa pili. Sauti zao? Nyembamba, za kulalamika, na kwa sikio langu hazisaidii sana. Hapa ushindi ni wa maabara.

Anayejitambulisha kwa wimbo wa kuazima

Fumbwe wa rangi ya nili ni kituko. Dume katika msimu wa kuzaliana ni mweusi wa kung'aa. Spishi zake kadhaa zinatofautiana kwa rangi ya mdomo na miguu, na kwa mng'ao ambao unaweza kuwa bluu, zambarau au kijani kutegemea jua limekaa wapi. Majike wana michirizi ya kahawia na hawatofautishiki kwa urahisi hata mkononi.

Hawajengi viota. Jike hutaga katika kiota cha ndege wengine, wale wekundu wadogo wanaookota mbegu hadi uani, na kifaranga hulelewa na mama wa kambo. Dume akikua anaimba nyimbo za mlezi wake! Ukitaka kujua fumbwe gani yuko juu ya waya, sikiliza anamwiga nani: mwenye mdomo mwekundu anayepatikana hadi mijini humwiga yule mwekundu wa uani, na spishi nyingine huiga ndugu zake wa porini. Mjerumani Jürgen Nicolai alilieleza jambo hili mwaka 1964, na Mmarekani Robert Payne alilifuatilia Afrika kwa miongo kadhaa. Mwaka 2000 Payne na wenzake walichapisha jaribio la kuwalea vifaranga kwa ndege wa kufugwa wa Asia: madume wakaimba Kiasia, na majike waliolelewa huko wakawapenda madume hao. Fumbwe mmoja akikosea kiota, ukoo mpya unaweza kuanza.

Sikio la kwanza, na gramu 10 zilizosafiri mbali

Mwaka 1768 kasisi wa kijiji cha Selborne, Uingereza, Gilbert White, aliandika kwamba ndege wadogo wa kijani-njano waliodhaniwa kuwa wamoja wana nyimbo tatu tofauti, na kwa hiyo ni ndege watatu. Alithibitisha kwa miguu na mabawa baadaye, sikio lilitangulia. Kwa ukale, nishani ya kutenga mapacha kwa wimbo nampa yeye.

Mmoja wa watatu wale, mwenye wimbo unaoteremka kwa upole, huja kwetu kila mwaka baridi ya kwao inapoanza. Utamwona kwenye migrevilea na miti ya bustani za Moshi. Na yeye ana rekodi yake: utafiti wa mwaka 2018 uliwafuatilia kwa vifaa vidogo madume wa mashariki ya mbali ya Urusi, ikaonekana wanasafiri takriban kilomita 13,000 kuja mashariki na kusini mashariki mwa Afrika. Uzito wao ni kama gramu 10. Pacha wake wa noti mbili ni nadra kufika Tanzania, jambo linalotupunguzia kazi.

Manyoya yaliyodanganya kuliko yote

Tiva, yule mweusi na mweupe wa vihambani, huimba na mwenziwe kwa kupokezana hadi wapita njia wanadhani ni ndege mmoja. Mwaka 1988, katika bustani ya hospitali ya Bulo Burti, Somalia, alionekana ndugu yake mwenye rangi ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Wanasayansi hawakumuua. Walichukua manyoya na damu, wakamwachia, na mwaka 1991 wakamtangaza kuwa spishi mpya. Hatua hiyo ilizua mabishano makubwa wakati huo. Mwaka 2008 vinasaba vilitoa hukumu: ni tiva wa kawaida wa eneo lile aliyevaa rangi isiyo ya kawaida. Spishi ikafutwa.

Karibu naye kwa ushahidi mwembamba ni kirukanjia wa Nechisar, Ethiopia. Mwaka 1990 liliokotwa bawa moja barabarani. Mwaka 1995 spishi ikapewa jina kutokana na bawa hilo. Kwa virukanjia, ambao usiku hutambuliwa kwa mlio, kuwa na bawa bila sauti ni mateso.

Sikio lililoona mbali

Machi 2013, katika milima ya Al Hajar, Oman, Magnus Robb alikuwa akirekodi bundi mwingine aliposikia mlio asioujua. Yeye na Arnoud van den Berg walirudi, wakampiga picha mwenye mlio, na mwaka huohuo wakamtangaza kuwa bundi mpya. Baadaye ikagundulika kwamba ngozi iliyokaa makumbusho tangu mwaka 1878 ilikuwa ya bundi huyohuyo, kwa jina la Strix butleri, na bundi wa jangwani aliyekuwa akitumia jina hilo akapewa jingine. Karne nzima na zaidi ngozi ilikuwa mezani na haikumwambia mtu kitu. Mlio ulimaliza kazi usiku mmoja.

Adimu kuliko wote jirani

Magharibi ya Kilimanjaro, kwenye mbuga ya nyasi fupi ya Engikaret kaskazini mwa Arusha, anaishi kipozamataza wa Beesley, aliyeelezwa mwaka 1966. Ndugu zake wa karibu wako kusini mwa Afrika, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo. Idadi yake inaaminika haifiki elfu moja, na eneo lake lote ni hilo.

Nishani kuu naitoa kwa chozi wa Old Moshi, yule wa wastani, kwa wimbo usiochakaa. Na kwa msomaji wa Kiboriloni, Kidia au Marangu mwenye simu: masika yakianza, toka kabla ya saa moja asubuhi, rekodi dakika mbili bila kuzungumza, kisha taja mwishoni mwa rekodi mahali, tarehe na mwinuko. Itume kwenye maktaba ya sauti ya xeno-canto, iliyoanzishwa Uholanzi mwaka 2005 na iliyo wazi kwa kila mtu. Kilombero ilianza na watu wachache waliosikiliza.